Jua, maji au moto: kemia ya sumu ya muhogo mkoani Katavi

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, umekusanya wakulima wa muhogo kutoka pande nyingi. Wapo Wabende na Wapimbwe, wenyeji wa tangu zamani. Wapo Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Wapo pia waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakapewa ardhi Katumba na baadaye Mishamo, na wengi wao wakawa raia wa Tanzania mwaka 2014. Kila kundi lina namna yake ya kuuandaa muhogo mchungu, na kila namna ina watetezi wake. Mmoja anasema menya, anika, jua litamaliza kazi. Mwingine anasema bila kuuvundika majini siku tatu, huo si chakula. Wa tatu anaamini sufuria ikichemka vya kutosha hakuna sumu itakayosalia.

Wote watatu wanazungumzia sumu moja, sianidi, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Mkanganyiko unatokana na kutojua sianidi hiyo imefungwa wapi na inafunguliwa na nini. Jibu liko katika somo la Kemia la kidato cha tano na cha sita, kwenye sura ya asetoni na jamaa zake, lakini mara nyingi sura hiyo husomwa kwa ajili ya mtihani, na muhogo hautajwi. Uchambuzi huu unaanzia hapo, kwenye mmenyuko wenyewe, kisha unazipima njia tatu kwa kipimo kimoja: je, njia hii inaifungua sianidi, na ikishafunguka inapata pa kutokea?

Mmenyuko mmoja, tabia mbili

Kundi la kabonili ni kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu. Oksijeni ina uchu wa elektroni, hivyo huzivuta upande wake na kuiacha kaboni na upungufu. Chochote chenye elektroni za ziada huikimbilia kaboni hiyo. Asetoni, ambayo wengi wanaifahamu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, ni mfano rahisi wa kampaundi yenye kundi hilo.

Wanaoikimbilia kaboni hiyo wako wengi. Linganisha wawili. Wa kwanza ni kampaundi za lithiamu na kaboni, kama butili-lithiamu. Wilhelm Schlenk na Johanna Holtz walizitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1917, na Karl Ziegler akarahisisha utengenezaji wake kuanzia mwaka 1930. Lithiamu huachia elektroni kirahisi, kwa hiyo kaboni iliyo jirani yake inakuwa na elektroni nyingi kupita kawaida. Ikikutana na asetoni inaingia moja kwa moja kwenye kaboni ya kabonili. Ukiongeza maji baadaye, unapata alkoholi mpya yenye kaboni nyingi zaidi. Ukianza na aldehidi unapata alkoholi ya daraja la pili. Ukianza na ketoni unapata ya daraja la tatu. Ukianza na kabonidioksidi unapata tindikali ya kaboksili. Esta hupokea mbili kwa mpigo, kwa sababu ketoni inayozaliwa katikati hushambuliwa kabla hujaizuia.

Nguvu hiyo ina gharama. Butili-lithiamu ni besi kali mno. Badala ya kuingia kwenye kabonili, inaweza kunyakua haidrojeni iliyo pembeni yake, na kazi ikaharibika. Maji kidogo tu yanaiua, na hewa inaweza kuiwasha. Ndiyo maana hutumiwa ndani ya gesi kavu ya naitrojeni au agoni, mara nyingi kwenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Hakuna anayeitengeneza Mpanda, mkoani Katavi. Hata hivyo matunda yake yamefika. Efavirenz, dawa iliyokuwa ndani ya kidonge cha kawaida cha kufubaza virusi vya UKIMWI nchini kwa miaka mingi kabla ya dolutegravir kuchukua nafasi yake, ilipatikana kiwandani kwa njia ambayo hatua yake kuu ni kampaundi ya lithiamu kuingia kwenye ketoni.

Wa pili ni sianidi. Nayo ni kaboni yenye elektroni za kutoa, na inaingia kwenye kaboni ileile ya asetoni. Zao lake linaitwa sianohidrini. Arthur Lapworth, mwanakemia mzaliwa wa Uskoti, aliuchunguza mmenyuko wa aina hii mwaka 1903 kwa kutumia ketoni yenye rangi ya manjano, ili kasi ya mmenyuko ionekane kwa macho kadiri rangi inavyofifia. Aligundua kwamba besi huuharakisha na asidi huuchelewesha. Maelezo yake yalikuwa kati ya michoro ya kwanza kabisa ya hatua kwa hatua katika kemia ya kaboni, na matokeo yake yanamhusu moja kwa moja mama anayeanika muhogo Katumba.

Tofauti kati ya hao wawili ni kurudi nyuma. Butili-lithiamu ikishaingia haitoki, kwa sababu ili itoke ingebidi iwe tena kaboni yenye elektroni nyingi zisizotulia, na hilo haiko tayari kulifanya. Sianidi inatulia vizuri ikiwa peke yake. Wanakemia hupima tofauti hii kwa uasidi wa haidrojeni iliyofungwa kwa kila moja: ya haidrojeni sianidi iko karibu 9 kwenye kipimo cha pKa, ya butani iko karibu 50. Hatua hizo 40 na ushee, kila moja ikiwa mara kumi ya iliyotangulia, ndizo zinazotenganisha kifungo kilichochomelewa na kifungo cha nati. Cha nati kinafungulika. Usalama wa ugali wa muhogo wote unategemea kufungulika huko.

Sumu inavyokaa kwenye muhogo

Muhogo hauna sianidi huru ya kutosha kuua ukiwa mzima shambani. Unaihifadhi kama linamarini: kwa umbo lake ni asetoni iliyobeba sianidi, ikafunikwa kwa glukosi juu. Linamarini hukaa ndani kabisa ya seli. Kimeng'enya kinachoikata, linamarasi, kinakaa kwenye ukuta wa seli. Havikutani mpaka seli ipasuke.

Seli ikipasuka, kazi huenda kwa hatua. Kwanza linamarasi inaivua linamarini glukosi yake, ikabaki sianohidrini. Pili, sianohidrini inavunjika kuwa asetoni na haidrojeni sianidi. Huu ni mmenyuko wa Lapworth ukienda kinyumenyume. Kisha haidrojeni sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, inapaa hewani au inayeyuka kwenye maji yaliyo karibu.

Hatua ya pili ndiyo inayosahaulika, na hapo ndipo mabishano mengi hupotea njia. Majani ya muhogo yana kimeng'enya kingine kinachoivunja sianohidrini haraka. Mizizi karibu haina. Kwa hiyo kisamvu, ambacho kwa kawaida kina sumu nyingi kuliko mzizi, huwa salama kikitwangwa vizuri kabla ya kuchemshwa. Kinu kinavikutanisha vimeng'enya na sumu, vikaimaliza. Mzizi uliopondwa hauna bahati hiyo. Sianohidrini yake inaachwa ivunjike yenyewe, na itavunjika polepole au haraka kulingana na joto na uasidi. Kwenye mazingira makali ya asidi inadumu. Uasidi ukipungua na joto likipanda, inaachia.

Hoja ya jua

Kumenya, kukata na kuanika makopa ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Haihitaji kisima, haihitaji mashine, na kiangazi cha Katavi, kuanzia Mei hadi Oktoba, kina jua la kutosha. Makopa yanahifadhika na yanasafirishika hadi sokoni Mpanda bila hasara kubwa.

Udhaifu wake ni kwamba kuanika peke yake kunapasua seli chache tu. Vipimo vya kimaabara vilivyokusanywa Afrika vinaonyesha kwamba baada ya kuanika, takriban robo hadi theluthi ya sumu ya mwanzo inabaki. Kwa muhogo mtamu, hiyo si nyingi. Kwa muhogo mchungu, unga utakaopatikana unaweza kupita mbali kiwango cha kimataifa cha miligramu 10 kwa kilo.

Kuna jambo linalowashangaza wengi hapa: vipande vidogo vinavyokauka haraka vinaweza kubaki na linamarini nyingi kuliko vikubwa vinavyokauka taratibu. Kimeng'enya kinahitaji maji ili kifanye kazi, na maji yakiisha mapema, kazi inasimama katikati. Anayekausha taratibu anaipa linamarasi muda, lakini anaupa ukungu muda pia. Hakuna namna ya kuukwepa mvutano huo kwa jua peke yake.

Wasukuma wana jibu lao la zamani: hulundika muhogo uliomenywa, hufunika siku kadhaa mpaka uote ukungu na kulainika, kisha huukwangua na kuuanika. Wanauita udaga. Ukungu unalegeza kuta za seli na joto la lundo linaharakisha kazi. Kinachobaki kinashuka hadi sehemu moja ya nane au moja ya sita hivi. Ni hatua kubwa mbele kuliko kuanika tu, ingawa haitoshi kwa muhogo wenye sumu kali, na si kila ukungu ni rafiki.

Hoja ya maji

Waliotoka Burundi wanajua kuvundika, na unga wake, ikivunde, ni chakula cha kila siku katika kaya nyingi za asili hiyo. Mizizi huzamishwa majini siku tatu au zaidi. Bakteria hulainisha nyama ya mzizi mpaka nyuzi za katikati zichomoke kwa vidole. Mwenye uzoefu hujua kwa kubonyeza tu. Seli zinafunguka kote, linamarasi inaikuta linamarini, na sehemu kubwa ya mazao yake inayeyuka kwenye maji. Kwa kuondoa sumu, njia hii iko juu kabisa kati ya zile zisizotumia mashine. Siku tatu zikitimia, sehemu kubwa mno ya sumu inakuwa imeondoka.

Hata hivyo kemia inatoa onyo moja ambalo watetezi wake hawalisemi. Uchachu unaozalishwa na bakteria unayafanya maji kuwa ya asidi, na asidi ndiyo inayoishikilia sianohidrini. Kwa hiyo mzizi uliovundikwa na kupikwa papo hapo unaweza kuwa na linamarini kidogo na bado ukawa na sianohidrini. Kuukamua na kuuanika vizuri baada ya kuvundika ni sehemu ya kuondoa sumu, kwa sababu joto na hewa huimalizia kazi hatua ya pili. Anayefupisha siku za majini kwa sababu ya njaa na kufupisha kuanika kwa sababu ya mvua anajiongezea hatari mara mbili.

Gharama nyingine ni ya kijamii. Kiangazi vijito vingi vya Katavi hukauka au kubaki vidimbwi, na wanaochota maji ni wanawake na watoto. Maji ya kuvundikia yana sianidi na yananuka. Yakimwagwa kwenye kijito kidogo wanachokitumia watu wengine au mifugo, tatizo linahamishwa kwa jirani.

Hoja ya moto

Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inasikika kila mahali. Linamarini inavumilia kuchemshwa. Linamarasi haivumilii, moto huiua mapema. Kwa hiyo kuweka vipande vikubwa vya muhogo mchungu moja kwa moja kwenye maji yanayochemka ni kuua mkataji kabla hajafika kazini. Sehemu ya linamarini itayeyuka kwenye maji ya kuchemshia, na ndiyo maana maji hayo yanapaswa kumwagwa. Iliyobaki inamezwa. Nyingine hutoka na mkojo ikiwa nzima, na nyingine huvunjwa na bakteria wa tumboni, hapo sianidi ikatokea ndani ya mwili.

Moto una kazi yake mwishoni. Unga ambao kimeng'enya kimekwisha kuufanyia kazi ukikorogwa juu ya moto, sianidi huru hufukuzwa. Kwa muhogo mtamu wenye chini ya miligramu 50 kwa kilo ya mzizi mbichi, kumenya na kuchemsha kunatosha. Kosa ni kuichukua kanuni ya muhogo mtamu na kuitumia kwa mchungu.

Kwa nini basi wasipande mtamu tu?

Ushauri huu hutolewa mara kwa mara, na mkulima ana sababu nzito za kuukataa. Muhogo mchungu hauliwi ovyo na nyani, nguruwe pori na panya, na katika mkoa wenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi na misitu mikubwa ya miombo, hilo ni jambo la chakula cha mwaka mzima. Wezi nao hawaung'oi kirahisi na kuula shambani. Aidha, sumu katika mbegu ileile hupanda ukame unapozidi. Mbegu iliyokuwa ya wastani mwaka wa mvua inaweza kuwa ya hatari mwaka wa kiangazi kirefu, na ulimi si kipimo cha kuaminika, kwa sababu sukari ya mzizi inaweza kuuficha uchungu.

Tanzania imeshaona matokeo. Mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame, ugonjwa wa konzo ulizuka: miguu kukakamaa ghafla na isirudi hali yake. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na Giovanni Trolli mwaka 1938, katika Kwango nchini Kongo. Masasi, mwishoni mwa miaka ya 1980, watu waliugua ghafla baada ya kula muhogo uliopondwa na kukaushwa kwa haraka wakati wa uhaba wa chakula, na mkoa huohuo wa Mtwara ulipata konzo miaka ya mwanzo ya 2000. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Hans Rosling wa Uswidi, walifuatilia matukio ya kusini hatua kwa hatua. Fundisho la Masasi linaendana na kemia: kuponda kunaimaliza linamarini kwa kasi, lakini mtu akipika kabla ya kukausha vya kutosha, anakula sianohidrini.

Kupima kwa mazingira ya Katavi

Kwa kipimo cha kemia tu, mshindi ni kuukwangua au kuutwanga mzizi mbichi hadi uwe rojo, kuukamua na kuukausha kikamilifu. Seli zinapasuka karibu zote, na kinachobaki ni asilimia chache. Penye mashine ya kukwangua hii ndiyo njia ya kutetea, mradi maji yaliyokamuliwa yasielekezwe kwenye kijito wala yasinyweshwe mifugo. Lakini mashine ina bei na mafuta yake, na kinu kina mikono ya mwanamke ambaye tayari ana kazi nyingi. Kwa kaya nyingi za halmashauri za Nsimbo, Tanganyika au Mpimbwe, makopa yataendelea, na sioni faida ya kuwagombeza.

Kwao kuna njia ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia aliitangaza miaka ya 2000, na baadaye ikatumiwa Popokabaka nchini Kongo kupambana na konzo. Unaweka unga mkavu kwenye beseni na kutia alama mahali ulipofikia ubavuni. Unamimina maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Unga unashuka kwanza, kisha unapanda tena hadi kwenye alama, na hapo unaacha. Unautandaza kwenye mkeka au turubai kwa unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha unausonga ugali siku hiyohiyo. Sumu iliyobaki inapungua mara tatu hadi sita.

Uzuri wake ni kwamba inautumia udhaifu wa makopa. Jua lililokausha haraka halikuiua linamarasi. Liliisimamisha tu kwa kuinyima maji. Unga ukilowa, inaamka na kumalizia linamarini iliyobaki. Tabaka jembamba linaipa sianohidrini joto na hewa ya kuvunjikia, na sianidi inaondoka ikiwa gesi. Hakuna lita nyingi za kuchota wala maji machafu ya kumwaga. Udhaifu upo pia: haifanyi kazi kwa unga wa muhogo uliochemshwa kabla ya kukaushwa, kwa kuwa kimeng'enya kimekufa, na siku za mvua nyingi, Novemba hadi Aprili, kupata saa hizo juani ni bahati. Masika ndipo kuvundika kunaposhika nafasi, kwa sababu maji yapo. Shida inahamia kwenye kukausha, na hapo kichanja kilichoinuliwa chini ya paa kinafaa kuliko mkeka uani.

Kwa hiyo mtetezi wa maji na mtetezi wa jua wanaobishana Katumba wanaweza wote wakawa sahihi kwa miezi tofauti. Anayepoteza hoja katika miezi yote ni wa sufuria.

Sehemu nyingine ya mzani iko kwenye kitoweo. Mwili huigeuza sianidi kuwa thiosianati isiyo na makali, na kwa kazi hiyo unahitaji salfa itokanayo na protini. Waliopata konzo Tarime na kusini walikuwa wakila muhogo karibu mtupu. Dagaa na migebuka wa Karema na Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, na maharage ya mashamba ya Mishamo, vinampa mlaji salfa hiyo. Thiosianati nayo huzuia mwili kutumia madini joto, hivyo chumvi yenye madini hayo ina maana zaidi kwa anayekula muhogo kila siku.

Kupima kunawezekana bila maabara kubwa. Karatasi iliyoloweshwa pikreti hubadilika kutoka manjano hadi kahawia kadiri sianidi inavyozidi, na ikining'inizwa usiku mmoja ndani ya kichupa chenye unga kidogo na kimeng'enya, asubuhi inasomeka kwa kulinganishwa na kadi ya rangi. Halmashauri ikipima unga wa sokoni mara mbili kwa mwaka, mwanzoni na mwishoni mwa kiangazi, itajua kama sumu inapanda kabla ya msimu wa njaa kuanza. Tarime na Masasi zilikumbwa wakati wa uhaba, na uhaba huanza kuonekana kwenye mzizi miezi kadhaa kabla haujaonekana hospitalini.